Bibi wa Kubuniwa

Mpaka leo nikisikia watoto wakifundishwa aina za hadithi, damu inanichemka. Niliwahi kuwafundisha, na najua nilichofanya.

Nilikuwa nimeacha shule darasa la sita na kuzurura na malori kati ya Tabora na Kigoma. Kijiji kipya cha Ujamaa, kando ya njia ya zamani ya misafara, kilikosa walimu. Wakanichukua kwa kuwa nilijua kusoma na nilikuwa na shati. Nikapewa darasa la tatu na karatasi moja: hadithi ina wahusika, mahali, tukio na mwisho. Ngano ni ya kubuni, kisa ni cha kweli.

Siku alipokuja mkaguzi, niliwataka watoto watoe ngano. Ilikuwa saa nne asubuhi. Wakatazamana. Nikafoka.

"Mwalimu," akasema msichana wa dawati la mbele, "ngano hazisimuliwi mchana. Ukisimulia unaota pembe."

"Wewe zimeshaanza," akasema mwenzake, darasa likacheka.

Nilijionea aibu. Hata kwetu ilikuwa mwiko, nami niliusahau kwa sababu ya kile kikaratasi. Nikamwambia msichana atupe hadithi inayoruhusiwa mchana.

Akasimulia, nami nikaandika ubaoni. Wahusika: bibi na mgambo wanne. Mahali: nyumbani kwa bibi, penye kisima walikokunywa maji wapagazi wa misafara. Tukio: mgambo waliezua paa, bibi akakataa kupanda lori, akaketi juu ya jiwe lake la kusagia. Mwisho: walimbeba bibi, jiwe wakaliacha.

Ilibaki aina. Mkaguzi akasimama.

"Mwalimu, hiyo ni aina gani?"

"Kisa, mzee. Bibi mwenyewe anakaa nyumba ya nne hapo."

"Sikukuuliza anakaa wapi. Watu walihamia hapa kwa hiari. Kwa hiyo imebuniwa. Andika ngano."

"Lakini ni mchana," akasema msichana.

Mkaguzi hakumtazama. Alinitazama mimi, kalamu yake juu ya fomu yenye jina langu. Ningeweza kuweka chaki chini. Nilikuwa nimeacha kazi ngapi kwa sababu ndogo kuliko hiyo? Nikaandika ngano, kwa mwandiko mzuri, na kuwaamuru watoto wanakili. Wakanakili wote. Msichana alinakili wa mwisho, akibonyeza penseli mpaka ikatoboa karatasi.

Namchukia yule mkaguzi. Lakini hakushika chaki.

Jioni nilipita nyumba ya nne. Bibi alikuwa akipepeta mtama mlangoni, mjukuu wake, yule msichana wa dawati la mbele, kando yake.

"Shikamoo, bibi."

Akaendelea kupepeta. Nikarudia.

"Unamwamkia nani, baba?" akauliza. "Daftari la huyu linasema mimi nimebuniwa."

Hakuitikia marahaba, siku hiyo wala siku nyingine zote nilizokaa pale.