Mlevi Asiyekunywa

Kwa kupaua nyumba hakuna aliyemfikia. Mafundi wenzake walimbandika jina la Paka kwa jinsi alivyotembea juu ya kenchi, zile mbao nyembamba zinazobeba mabati, misumari mdomoni, akipiga soga na walio chini kana kwamba yuko sebuleni kwake. Ila akishateremka hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia kilabuni, na akitoka humo paka alikuwa amegeuka bata: anatambaa na ukuta, miguu anaitupa huku na huku.

Mkewe, fundi cherehani, alikuwa na kipimo chake. Harufu Paka aliweza kuiua kwa pipi za mnanaa, lakini macho hayakufichika. Mke alimwinua kidevu kwa kidole, akamwambia atazame dirishani, kisha mlangoni. Macho yakifika pembeni yalishindwa kutulia, yakawa yanadunda, yanateleza na kurudi. Basi alimtengea chakula, akarudi kwenye cherehani yake.

Miaka ikaenda hivyo, mpaka binti yao wa pekee alipoleta habari za uchumba. "Baba," alisema, "siku yangu nataka uniingize ukumbini wewe. Ila nataka uje mzima."

Paka hakuapa. Aliacha tu. Alitetemeka, akalowa jasho, chakula kikakataa kushuka, lakini akavuka. Hakutaka kujitangaza, alitaka waone wenyewe.

Walichokiona ni kingine kabisa. Miguu ilikataa kurudi. Alisimama akiwa ameitanua, mfano wa mtu aliye kwenye sakafu yenye sabuni. Juu ya paa, kila alipogeuza macho, mabati yalirukaruka mbele yake. Msimamizi alimwona anashuka amekumbatia ngazi, akamwambia kwa upole aende kulala, pombe imtoke. Paka akasema hajanywa. Wenzake wakacheka, maana mlevi gani aliwahi kusema amekunywa? Haukupita muda mrefu akaachishwa kazi.

Nyumbani ndiko kulikouma zaidi. Mkewe alimwinua kidevu, akakuta macho yanadunda vilevile.

"Sijagusa, mke wangu. Ninuse."

"Nikunuse nini? Si umehamia ile isiyonuka."

Akapekua chini ya kitanda, nyuma ya kabati, mpaka ndani ya buti za kazi. Hakupata chupa, na kwa kutoipata akazidi kuamini kwamba mumewe amekuwa bingwa wa kuficha.

Binti hakugomba. Alikuja mchana mmoja akamkuta baba yake anahangaika na kikombe, chai imemwagikia suruali. Alimfuta, akaketi karibu yake, akasema ameamua baba mdogo ndiye atakayemwingiza. "Sitaki watu wakucheke, baba." Paka alifungua mdomo ajitetee, akaona machozi yamemjaa mtoto, akaufunga. Ukweli wake alishausema mpaka umechuja.

Siku ya harusi aliketi kiti cha nyuma, ndani ya suti aliyoshonewa na mkewe. Mdogo wake alipoingia na bibi harusi, ukumbi mzima ulisimama. Paka naye akasimama, akayumba, akamwangukia mama mmoja aliyekuwa mbele yake. Shemeji zake wawili walimshika kwapani wakamtoa nje bila fujo, kwa ile heshima ya kumtoa mlevi wa nyumbani. Vigelegele vya mwanawe alivisikilizia kibarazani, kichwa amekiinamisha.

Kesho yake mkewe alifunga cherehani. Alikuwa amechoka kudanganywa, akaamua kumlinda amkamate. Alikaa naye tangu asubuhi, akamfuata mpaka mlango wa choo. Paka alikunywa maji na uji, basi. Ilipofika alasiri aliinuka kwenda kuanua nguo, akapepesuka, akaanguka na kamba yote. Mke alimwendea, akayatazama macho yale kwa muda mrefu. Yalikuwa yanadunda vilevile, na kutwa nzima mtu huyu hakugusa tone.

Hospitalini daktari alimwambia Paka afuate kidole chake kwa macho, kisha atembee kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Alishindwa hatua ya pili. Wakampima damu, wakampiga picha ya kichwa.

"Damu ya mzee ni safi," daktari alimwambia mke. "Huku kisogoni kuna sehemu ya ubongo inayosawazisha mwili na kutuliza macho. Pombe huilewesha, na ikiisha mwilini, sehemu hiyo huzinduka. Ya mzee imeleweshwa miaka mingi mpaka imesinyaa. Ndiyo maana anayumba bila kunywa."

Mke akauliza kama itarudi. Daktari akasema mazoezi na chakula vitasaidia kidogo, na asipogusa tena chupa huenda isizidi. Kazi ya juu ya paa aisahau.

Kwenye korido mke alisimama, akamshika mumewe ukosi wa shati.

"Uliniambia," alisema.

"Nilikuambia. Hata mimi ningekuwa wewe, nisingeamini."

Hakuisema kwa hasira, na hapo ndipo mke alipolia, mbele ya wagonjwa waliopanga foleni ya dawa.

Binti alipopata habari alifika siku hiyohiyo. Alitaka akodi tena gauni, waalike watu wachache, baba amwingize hata kama ni kwa kuegemea mkongojo. Alieleza mipango yake haraka haraka, akilia. Paka alimwacha amalize.

"Siku yako imepita, mwanangu. Ilikuwa nzuri. Usiirudie kwa ajili yangu."

Wenzake wa kazini walikuja kumwomba radhi. Mmoja, mcheshi wao, alisema kwa kuwa adhabu ya ulevi anaitumikia kila siku, angalau apewe na utamu wake. Paka alicheka kwa mara ya kwanza tangu harusi, kisha akaomba maji.

Siku hizi hufanya mazoezi uani, mkewe akimshika mkanda kwa nyuma. Wapita njia wasiomjua hutikisa vichwa kwamba mzee wa watu ameshalewa na jua bado kali. Mwanzoni mke aliwajibu. Sasa anakaza tu mkono kwenye mkanda, na Paka anatafuta pa kuweka mguu.