Pipa la Vyura

Perrine Jacotot alikuwa mpogoaji wa mizabibu, na aliyelijua hilo kuliko wote ni mgongo wake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini yeye aliinama miaka thelathini na mmoja katika mashamba ya Mzee Fulbert, na hicho cha mvunguni hakukiona.

Kipande alichokipenda kilikuwa bondeni, kando ya barabara, panapotuama maji. Kiliitwa Les Crapauds, yaani Vyura, na jina lenyewe lilitosha kuwachekesha majirani. Kila mwaka divai yake ilichanganywa na ya vipande vingine visivyo na cheo, ikauzwa kwa jina la kijiji tu. Hilo lilimkera Perrine mpaka rohoni. Misimu mitatu akakihangaikia, akipunguza vichala ili vilivyobaki vikolee, hadi watu wakamwona hana akili nzuri, na safari hii Solange, binti wa mzee, akakitengea pipa lake peke yake. Mwezi wa Machi mzee angeonja. Angekubali, Vyura wangepata chupa zenye jina lao. Angekataa, wangechanganywa kama kawaida.

Asubuhi ya siku yenyewe wakashuka wote watatu hadi ghala la chini, Perrine akiwa ameshika mrija wa kioo wa kuvutia divai pipani. Utaratibu haubadiliki: divai wanyonge huanza, divai mabwana humaliza, na ukishaonja unatema kwenye kokoto za sakafuni. Kwa hiyo Vyura ndio wa kwanza. Perrine akalifikia pipa lake, akaogopa, akaliruka. Akajiambia atalirudia baadaye.

Kutema nako kukamshinda. Kinywa kilikuwa kimekauka kwa hofu, kila tone likateremka lenyewe. Divai zilikuwa changa, zina ukakasi wa kufunga meno, halafu ghafla zinafunguka, cheri tupu. Kufika pipa la tano, hofu ilikuwa imeaga na miguu haikuwa yake.

"Shoga, unameza?" Solange alimnong'oneza.

"Nani, mimi?" Perrine akaangua kicheko.

"Hapa ghalani au harusini?" mzee akafoka.

"Nisamehe, mzee. Zinanitekenya."

Wakafika pipa la mwisho, Clos Saint-Aubert, fahari ya nyumba. Mzee akaonja, akafumba macho, akatema kwa heshima. Hapo ndipo Perrine alipokumbuka. Bila kufikiri akayumba hadi kwenye pipa lake, akavuta, akarudi akammiminia mzee, ambaye bado alikuwa amefumba macho na gilasi mkononi.

Solange akajishika kichwa. Kumwonjesha mtu divai mnyonge baada ya divai bwana ni kumchinja huyo mnyonge. Hata divai nzuri hugeuka maji mdomoni. Lakini mzee alishaipeleka gilasi kinywani.

Akaizungusha divai mdomoni muda mrefu.

"Ongeza," akasema.

Perrine akaongeza, nusu gilasini, nusu kwenye kiatu cha mzee.

"Hili pipa jingine la Saint-Aubert, siyo? Jepesi kidogo, lakini lina uchangamfu. Linacheza!" Akafumbua macho. "Haya, na wale vyura wako wako wapi? Umewaficha?"

"Umewanywa, mzee."

"Nini?"

"Umewanywa! Tena ukaomba waongezwe!"

Kicheko kikamtoka kama mtoto anayetekenywa. Akalikumbatia pipa lililokuwa karibu asije akaanguka, machozi yakimtiririka, na Solange naye akaambukizwa. Mzee Fulbert akasimama akiitazama gilasi yake, masikio yamemwiva. Akaonja tena, taratibu, kama mtu anayetafuta kosa. Hakuliona.

"Baba, sema basi," Solange akamhimiza.

"Lisichanganywe."

Perrine akajifuta uso kwa mkono wa sweta.

"Sema tena, mzee."

"Nimeshasema."

"Nilikuwa nacheka, sikusikia. Miaka thelathini na mmoja, mzee wangu. Sema tena."

Mzee akakohoa, akatazama kokoto, akasema tena.