Msimamo wa Ligi Mlangoni

Mama anayeendesha mashine ya kukamua alizeti pale Mandewa haongelei mpira kabla hajajifuta mikono. Hujifuta taratibu, kidole kimoja kimoja, kwa kitambaa kilicholowa mafuta hata kinazidi kumpaka, kisha hugeukia mlango wa bati ambako kila Jumatatu huandika msimamo wa ligi kwa chaki. Miaka yote ameanzia juu, akishuka polepole kuitafuta timu ya nyumbani, na mara nyingi chaki ilimwishia kabla hajaifikia. Msimu huu zimechezwa mechi nne, na timu imeshinda zote. Wateja wakimpongeza, anakunja uso. "Ligi bado changa. Alizeti ikichanua, umeshapata mafuta?" Lakini anasema hayo huku mguu ukipiga chini kwa mdundo wa mashine, na mbegu anazimimina kama anayemtunza bwana harusi kwa noti. Anajua mshambuliaji ana goti bovu. Anajua safari ngumu za ugenini bado zinakuja. Yote hayo anauambia moyo wake kila asubuhi, nao haumsikilizi.

Leo Peniel kutoka Unyambwa ameshusha magunia yake, akaamkia shikamoo, halafu akaduwaa mbele ya mlango. Juu kabisa, jina la timu limeandikwa kwa rangi ya mafuta, ya njano, bado mbichi.

"Mama, hii haifutiki! Na tukishuka je?"

Mama akajifuta mikono, kidole kimoja kimoja.

"Tutanunua mlango mwingine."