Kichupa cha Nyama ya Kaka

Kaka yangu alikuwa na kivimbe chini ya unyayo, kigumu kama kokwa, na hakikumuuma mpaka akanyage jiwe. Tulikuwa Katumba, makazi ya wakimbizi karibu na Mpanda, miaka ya tisini mwanzoni, tunalima tumbaku. Mimi nilikuwa nimemaliza la saba na kazi yangu kubwa ilikuwa kuota mchana. Kaka alinitania, "Huyu ataolewa na rubani," nami nacheka, nakubali.

Daktari wa Mpanda alikikata. Alisema kwa macho hakionekani kibaya, ila macho hayatoshi, kipande kiende Mwanza kikapimwe. Akanikabidhi kichupa chenye dawa, kipande kinaelea ndani, nimpelekee muuguzi aliyekuwa anahamia huko kwa treni kesho yake.

Nikarudi nacho nyumbani. Bibi akakiona.

"Hiyo nini?"

"Nyama ya kaka, bibi. Inaenda kupimwa."

"Nyama ya mjukuu wangu iende kwa watu nisiowajua? Wakiichezea je? Umesoma, mama, lakini akili huna."

Akaanza kulia. Mwaka walipokimbia Burundi aliwaacha huko babu na watoto wawili, hakumzika hata mmoja. "Hiki nitakizika," akasema.

Nikampa. Tukachimba nyuma ya bani, pale tunapokaushia tumbaku. Daktari nikamwambia nimeshakabidhi.

Kivimbe kikarudi, kikubwa kuliko kwanza. Kila tukienda daktari anauliza, "Jibu bado?" nami najibu, "Bado." Mara ya tatu akasema hawezi kungoja tena, kitu kinachorudi upesi hivyo anakihofia saratani, bora mguu uondoke kuliko mtu. Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Kaka alikuwa ananitazama, nikaona haya, nikatazama ukuta. Wakaukata chini ya goti.

Safari hii kipande alikipeleka daktari mwenyewe. Miezi ikapita, karatasi ikaja. Kaka hakujua kusoma, nikamsomea mimi: si saratani. Daktari akatueleza ni uvimbe wa nadra, una tabia ya kurudi, lakini hauui. Angelijua hilo mapema angekata tena nyama tu, kwa upana zaidi, na mguu ungebaki.

Tulipotoka nje kaka akauliza, "Na ile ya kwanza ilisemaje?"

Nikamwambia yote, nimesimama, machozi yananitoka.

"Bibi asiambiwe," akasema. "Hataweza kuishi nalo."

Kuhusu mimi hakusema kitu. Mpaka leo hajasema.