Irabu Iliyonishinda Msibani

Sijui kukaa. Bagamoyo wananijua kwa hilo. Nikienda msibani hukaa ukingoni mwa mkeka, viatu nimeviacha mahali ninapoviona, na kabla kahawa haijazunguka mara ya pili nimeshakumbuka shughuli. Shangazi yangu, aliyenilea, alikuwa akisema nilizaliwa nimesimama.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu, Uganda, nikifundisha shule ya hapo mjini na kulala kwa shangazi. Chuoni nilikuwa nimesoma kidogo elimu ya sauti za lugha. Kidogo, lakini nilirudi na kioo cha mkononi cha kutazamia ulimi, na kioo kile nilikithamini kuliko cheti.

Chumba cha jirani alipanga fundi wa kuchimba visima. Alitoka milima ya Ufilipino, na kampuni moja ilikuwa imemleta na kekee yake kubwa ya kutobolea ardhi atafute maji kuanzia Mkange mpaka Lugoba. Mimi na yeye tulizungumza Kiingereza, na shangazi akimsemesha Kiswahili cha sokoni. Lugha ya kwao ilikuwa Kikankanaey. Jina lenyewe lilinishinda, maana karibu na mwisho wake pumzi hukatwa kooni, kama mtu aliyeguswa bega katikati ya neno.

Ijumaa moja alasiri alibisha hodi, barua mkononi. Baba yake amekufa. Barua yenyewe ilikuwa imezunguka miezi mingi. Akanieleza kwamba kwao aliyekufa huimbiwa: mmoja huanza, wengine humjibu. Asipopatikana wa kujibu, wimbo huwa haujaimbwa. Na yeye alikuwa na miaka saba hajasikia mtu akisema lugha yake, hata akisema peke yake alianza kujishuku ulimi.

“Wewe unajua mambo ya lugha,” akasema. “Jifunze jibu moja tu. Wiki ya pili kutoka leo nahamia Vigwaza.”

Nilisimama. Nakumbuka furaha niliyoipata, na hata leo siipendi kuikumbuka. Nikaenda kuleta kioo.

Jibu lilikuwa fupi, lakini lilikuwa na irabu ambayo kwa maandishi ni *e*, na kinywani si *e* wala *u*. Ulimi unarudi nyuma, midomo inabaki imelala, sauti inatokea katikati kama haina nia ya kutoka. Alinipa maneno ya mazoezi: *epat*, nne; *enem*, sita. Nikayasema. Akatikisa kichwa. Nikauma penseli, nikayasema. Akatikisa kichwa. Kila jioni akitoka kazini, hata matope hajanawa, nilikuwa namngoja barazani na daftari.

Mchana nilitembea na irabu ile. Darasani sikutulia, wanafunzi wakinakili ubaoni mimi napiga hatua dirishani hadi mlangoni, naguna. Sokoni muuza samaki aliniangalia akacheka.

“Mwalimu, umemeza mwiba?”

“Nafanya mazoezi.”

“Meza tonge la ugali kavu, utashuka.”

Siku ya nne fundi alianza kunyamaza kati ya neno na neno. Siku ya sita hakumaliza. Daftari langu ninalo bado, na siku hiyo nimeandika kwa mwandiko mzuri: *Sauti ya msemaji imekauka. Huenda mafua.*

Kesho yake shangazi alitoka na sinia la mihogo akamkuta anaondoka, nami nimebaki na kioo mbele ya kinywa.

“Hilo somo lenu ni la nini hata halina mwisho?”

“Ni wimbo, shangazi. Anataka kumwimbia baba yake.”

“Baba yake anakuja?”

“Amefariki. Barua ilifika Ijumaa.”

Akaliweka sinia chini. “Kafiwa?”

“Ndiyo.”

“Tangu Ijumaa? Na mimi juzi namtania kakonda kwa kukosa mke!” Akanitazama. “Umempa pole?”

Nikafunga daftari. Nikalifungua.

“Nakuuliza, baba. Umempa pole?”

“Tulianza na irabu.”

“Na nini?”

Shangazi akajitanda kanga, akaenda kubisha mlango wa jirani, na kupitia ukutani nikamsikia akisema yale maneno ambayo hata mtoto wa madrasa huyajua. Kisha nikamsikia fundi akilia. Niliinuka, nikazunguka nyumba mara mbili, nikarudi palepale.

Kufikia asubuhi mikeka ilikuwa imeazimwa. Wanawake wakajaa ndani kwa shangazi, wanaume tukakaa barazani, naye fundi katikati yetu. Mzee mmoja aliuliza kama marehemu alikuwa Mwislamu. Shangazi akajibu kutoka nyuma ya pazia la mlango, “Hatukukuita kumsalia. Tumekuja kukaa na mwanawe.” Mzee akavua viatu.

Siku tatu. Nilikaa siku tatu, miguu ikinifa ganzi mmoja baada ya mwingine, viatu vyangu vimefichwa na mtu ninayemjua.

Siku ya tatu alasiri aliimba. Sauti yake ilianza chini, ikapanda taratibu, ikasimama. Zamu yangu. Nikarudisha ulimi nyuma, nikajibu.

Akageuka. “Hapana,” akasema kwa upole. “Tena.” Katikati ya kilio cha baba yake alinisahihisha, akauimba mstari upya. Nikajibu tena, na mara hii ilikuwa mbaya zaidi.

Akafumba macho, na nikajua anaacha. Hapo wanawake ndani ya nyumba wakajibu. Walikuwa wamelisikia jibu mara mbili, wakalipokea kama wanavyopokea nyimbo zote, kwa *e* yetu ya Pwani, pana, iliyo wazi, makosa matupu kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikainuka nusu, kidole juu, ili niwaeleze habari ya ulimi.

“Keti, baba,” ikaja sauti kutoka nyuma ya pazia.

Nikaketi. Fundi alikuwa amefumbua macho na kuanza mstari wa pili. Wakamjibu. Wa tatu, wakamjibu, na wanaume wa barazani nao wakaingia, na mimi ndani yao, nikikosea kama wote. Akaufikisha mwisho.

Jumatatu lori lilikuja kuchukua kekee. Nilimkuta anafunga kamba, nikasimama mbele yake bila daftari.

“Pole kwa msiba,” nikasema, kwa Kiswahili. Nilikuwa nimechelewa siku kumi.

Akaiacha kamba, akanipa mikono yote miwili, akajibu kama shangazi alivyomfundisha.

“Nimesapoa.”

Ile *sh* ilikuwa imemshinda. Nilinyamaza.