Tekla, mwandishi aliyelipa kisasi bila panga

Siamini bado. Juzi tumemzika Tekla kwao Nansio, na leo asubuhi nimejikuta nampigia simu kumuuliza kuhusu script. Imeita mpaka ikakata, ndipo nikakumbuka.

Kwa msiomjua: Tekla alikuwa mwandishi wa filamu, wa hapa hapa Mwanza, na mimi Maduhu nilikuwa mpiga picha wake. Presha ndiyo iliyomchukua. Habari za hospitali sitaki. Nimekuja kuringa kwamba nilimjua.

Alikuwa akiandikia kwa mama lishe pale stendi ya Buzuruga, kwenye counter book, wapiga debe wanapiga kelele masikioni mwake. Ukimuuliza kwa nini asikae nyumbani akatulia, anasema nyumbani hakuna watu wa kugombana.

Jumamosi alifundisha vijana uandishi, bure, kwenye ukumbi wa kanisa Mirongo. Karibu kila mmoja alikuja na stori ya kisasi, na kila stori ilikuwa na panga.

Siku moja binti mmoja akasoma kazi yake, watu wameuawa mpaka tukapoteza hesabu. Tekla akamuuliza, "Mdogo wangu, huyu anayelipa kisasi kanyang'anywa nini?"

"Kaka yake aliuawa, madam."

"Huyo kaka alikuwa anapenda kula nini?"

Binti akapekua kurasa zake.

"Basi hata mimi simlilii. Nenda kamlishe kwanza, ndipo umuue."

Na alikuwa na msimamo wake mwingine, hapo humtoi: kisasi kikiwa rahisi kwa anayelipa, huo ni ugomvi wa baa. Anayelipa naye apoteze kitu. Mtazamaji akae pale anakitaka hicho kisasi kwa hamu, halafu kikilipwa aone aibu kwamba alikitaka.

Halafu akaandika filamu kuthibitisha. Mwenye mtumbwi anamtuma kijana ziwani na injini anayojua kabisa ni mbovu. Kijana anazama. Mama wa kijana anaanika dagaa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, na yule mwenye mtumbwi anapita hapo kila siku na kumwamkia. Kisasi cha mama ni kimoja tu: shikamoo yake haiitikii. Basi.

Mzee aliyetudhamini, mfanyabiashara wa mjini, aliisoma akachoka. "Watu wanataka damu, mama. Wewe unawapa bibi aliyenuna?" Akasema mwisho usipokuwa na panga anachukua kamera zake. Bila kamera zake hakuna filamu.

Tekla alikataa. Mimi nilikubali.

Nasema leo mbele yenu wote, nilimzunguka rafiki yangu. Niliandika scene ya panga kwa siri, nikapanga na mzee tuishuti kule kisiwani Ukerewe, Tekla akishapanda meli kurudi mjini. Nilijiambia kwamba naiokoa filamu.

Tulishuti mwaloni, Ukerewe. Wa kuigiza mama tulimpata palepale, bibi anayeanika dagaa kweli, hajawahi kusimama mbele ya kamera. Mzee mdhamini naye akaja, akaketi pembeni kuangalia.

Action. Mwigizaji wa mwenye mtumbwi anapita. "Shikamoo mama."

"Marahaba baba, hujambo?"

Cut. Tukacheka, tukarudia. "Shikamoo mama." "Marahaba." Cut. Mara ya sita bibi mwenyewe aliziba mdomo kwa kiganja, na marahaba ikapenya vidoleni.

Tekla akaenda akachuchumaa karibu yake. "Bibi yangu, kuna shida gani?"

"Mjukuu wangu, unanipa kazi ngumu. Ungenipa panga ningelishika, najua ni mchezo. Ila mtu anakuamkia, unanyamaza? Tangu nizaliwe sijamfanyia mtu hivyo. Hata aliyeniibia ng'ombe nilimwitikia."

Tekla akageuka, akamtazama mzee. Mzee akavua kofia, akaiweka gotini.

Mara ya saba bibi hakuitika. Aliendelea kugeuza dagaa, machozi yanamtoka, na mwigizaji akabaki amesimama kama mtoto aliyefukuzwa kwao. Hakuna aliyekumbuka kusema cut.

Jioni mzee aliniita pembeni. "Ile ya kwako achana nayo," akasema, akaenda zake.

Filamu tuliionyesha Mirongo, ukumbi umejaa. Mwanzoni watu wanapiga kelele, mmalize huyo, mmalize. Ilipofika ile salamu wakanyamaza. Halafu baba mmoja kule nyuma akasema kwa sauti ya kuomba, "Mama, mwitikie tu jamani."

Nilimwangalia Tekla. Anatabasamu, anafuta macho. Sijawahi kumwonea mtu fahari kiasi kile.

Kisha yakaja majina. Waandishi: Tekla na Maduhu. Mimi, ambaye hakuna hata mstari wangu mmoja mle ndani.

Nikamgeukia. Akaniambia taratibu, macho yake kwenye skrini, "Ile ya panga uliiacha kwenye laptop yangu. Niliisoma kabla hatujavuka kwenda Ukerewe. Nikasema nikikufukuza, huyo mama wa dagaa nani atamtazama kwa upole kama wewe?"

Hakuizungumzia tena mpaka anakufa. Heri angenitukana. Kila ikionyeshwa, majina yakianza kupanda mimi natoka nje.

Umenishinda, Tekla, na ninajivunia kushindwa na wewe. Jumamosi hii darasa lako lipo, palepale Mirongo, saa nne. Nitafundisha mimi, na nitaanza kwa kuwasomea vijana ile scene yangu ya panga, mwanzo mpaka mwisho, niwaambie nilimwandikia nani na nilimficha nani.

Lala salama, dada yangu. Safari hii sitatoka nje.