Chokaa Niliyopaka kwa Mhindi

Afadhali jambo hili mlisikie kwangu kabla halijawafikia limetiwa chumvi. Ofisi yetu hapa Nakuru imeanza kuandika habari za majengo ya kwanza ya mji, yale ya Wahindi na Wazungu waliokuja na reli. Mimi karani nikaambiwa nitayarishe duka moja kuukuu la mabati na mbao, maana mpiga picha angekuja Jumatatu.

Kutayarisha nakujua. Gavana akipita, sisi hupaka chokaa mawe ya barabarani, miti, kila kitu. Mwenye duka, mzee wa Kihindi, alikuwa anakwenda kule Bahati, akaniachia ufunguo. Jumamosi nzima nilipaka, nje na ndani, mara mbili. Nikajisifu.

Jumatatu mzee alirudi, akampeleka mpiga picha moja kwa moja hadi nyuma ya kaunta.

“Hapa baba yangu aliandika kwa penseli majina ya mafundi wote waliojenga. Hayajaandikwa mahali pengine.”

Akapapasa ukuta, akatazama kiganja chake kilichogeuka cheupe.

“Karani, nani amepaka hapa?”

Mpiga picha hakungoja jibu. Alikuwa anatazama viatu vyangu, ambavyo chokaa ilikuwa bado haijavitoka.